Naomba ushauri: mdogo wangu ni mjamzito na damu yake imepungua sana

Ndugu zangu, salamu kwenu. Mdogo wangu wa kike, mwenye ujauzito wa miezi sita, alipimwa kliniki wiki iliyopita na wingi wa damu ukaonekana kuwa gramu 8.3 kwa desilita, wakati mjamzito hatakiwi kushuka chini ya 11. Alikuwa akilalamika kizunguzungu na moyo kwenda mbio akipanda ngazi chache tu, nasi tukadhani ni uchovu wa mimba. Nilipomvuta kope ya chini kwenye mwanga wa dirisha na kuona ndani ni peupe, ndipo nilipoogopa.

Amepewa vidonge vya madini ya chuma na asidi ya foliki, lakini vinamletea kichefuchefu, na juzi nilivikuta karibu vyote chini ya mto. Kinachonisumbua zaidi ni kwamba anatafuna udongo wa pemba kila siku na kunywa chai ya rangi pamoja na chakula, na vyote viwili hupunguza ufyonzwaji wa chuma mwilini.

Naomba waliopitia hali hii wanieleze waliwezaje kuvumilia vidonge hivyo, na waliuachaje udongo bila ugomvi nyumbani. Je, kuvimeza usiku kwa maji ya machungwa kuliwasaidia? Pia, tukirudi kliniki, tuombe apimwe malaria, minyoo na selimundu, kwa kuwa lishe si chanzo pekee, au kuna kipimo kingine cha kuulizia? Mchicha na dagaa anakula vizuri.