Kanda 267 za Delia Derbyshire: tufanyeje ili zitolewe watu wasikie?

sautihai
Wakuu habari zenu. Kuna jambo limenikaa kifuani wiki nzima, naomba tulijadili kwa uzito wake. Nadhani wengi humu mnamjua Delia Derbyshire, yule mama Mwingereza wa BBC Radiophonic Workshop, idara ya BBC ya kutengeneza sauti na muziki wa vipindi, aliyetengeneza muziki wa mwanzo wa tamthilia ya TV ya Doctor Who mwaka 1963. Mtunzi ni Ron Grainer, yeye aliandika noti kwenye karatasi akamkabidhi, ila kile tunachokisikia mpaka nywele zinasimama ni mikono ya Delia na msaidizi wake Dick Mills. Sintesaiza hakuna, kompyuta hakuna. Alirekodi uzi mmoja ukipigwa, akarekodi osileta, vile vifaa vya kupimia mitambo vinavyotoa mlio wa umeme, halafu akawa anabadilisha spidi ya tepu ili kila noti ipatikane, anakata kwa wembe anaunga, anakata anaunga, noti moja moja mpaka wimbo unakamilika. Mimi nahariri sauti kila siku kwenye kompyuta na kosa nikifanya narudi nyuma kwa kubonyeza mara moja, kwa hiyo nikifikiria ile kazi mwili unasisimka.

Sasa kinachoniuma ni hiki. Alipofariki Julai 2001 zikakutwa darini kwake kanda 267, zile kubwa za kuzungushwa kwenye mashine, zimetiwa ndani ya maboksi ya siriali, zile nafaka za kifungua kinywa. Zikahamishiwa Chuo Kikuu cha Manchester mwaka 2007, zikaingizwa kwenye mfumo wa dijitali, mwaka 2008 BBC wakarusha vipande vichache na watu wakashangaa sana maana kimojawapo cha miaka ya 60 mwishoni kilikuwa na mdundo kama dansi ya leo kabisa, hata Paul Hartnoll wa Orbital, kundi la muziki wa kielektroniki, akasema hicho kingeweza kutolewa wiki ijayo na mtu asijue ni cha zamani. Na baada ya hapo? Sehemu kubwa imebaki pale pale, miaka inakatika.

Nataka tuanzishe kampeni ya kukusanya saini tuwaandikie waachie. Maswali yangu ni mawili tu, tumwandikie nani hasa, na ni kitu gani kinazuia? Kama kuna mtu anajua mambo ya maktaba au sheria ashuke hapa tafadhali.

mama_makabati
Mwanangu sautihai, nashukuru kwa kuleta hili. Mimi nimefanya kazi ya kutunza nyaraka na kanda kwa miaka mingi kwa hiyo niongelee upande huo.

Kwanza kabisa usiwaandikie maktaba kana kwamba wamezificha, utawaumiza watu waliozinusuru. Zile kanda ziko John Rylands Library, Manchester, na mtafiti anaweza kupanga siku akaenda akasikiliza kopi. Kuzifikisha hapo haikuwa kazi ndogo, kwanza alizishika Mark Ayres, aliyekuwa akishughulika pia na kanda za Workshop yenyewe, ndipo watu wa chuo wakazipokea na kuzigeuza kuwa faili. Tepu za umri ule zina tabu zake, zile gundi za viungio zinakauka, unaiweka kwenye mashine inaanza kuachia kipande kwa kipande, na kwa mtu kama Delia ambaye wimbo mzima ni viungio vitupu hebu fikiria mwenyewe kuna viungio vingapi kwenye kanda moja. Kila kanda inahitaji mtu mvumilivu aliyekaa pembeni ya mashine mkono uko tayari kuisimamisha.

Jambo la pili, usidhani 267 ni albamu 267. Kanda nyingi za namna hiyo ni malighafi. Utakuta dakika kumi za sauti moja tu ya kitu kilichogongwa, halafu sauti hiyo hiyo nusu spidi, halafu imegeuzwa nyuma mbele. Alikuwa na kivuli cha taa cha bati cha rangi ya kijani, akikigonga kinalia kama kengele, basi anakata ule mwanzo wa mlio anabaki na mwangwi wake, anaupanga upya. Hicho ndicho kimo ndani ya Blue Veils and Golden Sands, aliyoitengeneza kwa ajili ya filamu ya BBC kuhusu Watuareg wa Sahara, na sauti yake mwenyewe amekatakata humo humo. Kwangu mimi hizo malighafi ndizo zenye thamani kuliko zote maana unamsikia anawaza, lakini kampeni ikiahidi watu "nyimbo mpya 267" mtakuwa mmewadanganya na watakaokuja na hamu wataondoka na hasira.

hakiyasanaa
Nijibu la sheria, nitajaribu kutolifanya refu ila limeshika mizizi.

Kumiliki kanda si kumiliki kilichomo ndani. Maktaba ina tepu mkononi, haki ya kuutoa muziki ni kitu kingine kabisa, na kwenye kanda moja haki zinaweza kuwa za watu wanne watano. Delia alikuwa mwajiriwa wa BBC, Workshop aliingia 1962 akatoka BBC 1973, na kwa sheria ya Uingereza kazi ya mwajiriwa ni mali ya mwajiri. Kwa hiyo kila kilichofanyika kazini ni cha BBC. Lakini huyu mama alikuwa halali usingizi! Usiku na mapumziko alikuwa na kazi zake pembeni, 1966 alikuwa kwenye kikundi cha Unit Delta Plus pamoja na Brian Hodgson na Peter Zinovieff, baadaye studio ya Kaleidophon na David Vorhaus ambako ndiko lilikotoka kundi la White Noise na ile albamu yao ya 1969, An Electric Storm, na bado kuna muziki wa maktaba, ule unaorekodiwa tayari ili watengeneza vipindi waukodi, alioutoa kwa jina la bandia Li De la Russe. Ongeza michezo ya jukwaani na filamu alizoagizwa na watu. Hapo unakuta utunzi una mwenyewe, rekodi ina mwenyewe, kama kuna mwigizaji anasema maneno juu yake naye ana haki yake, na maneno yenyewe yana mwandishi. Chukua zile kazi za redio alizofanya na mwandishi Barry Bermange, ile Dreams ya 1964 kwa mfano, ni sauti za watu wa kawaida wanasimulia ndoto zao, sauti zimekatwa na kupangwa juu ya muziki, humo peke yake pana redio, mpangaji wa maneno, na mtengeneza sauti.

Na usisubiri muda uishe. Uingereza utunzi unalindwa maisha ya mtunzi na miaka 70 juu yake. Amefariki 2001, hesabu mwenyewe, mwisho wa 2071.

Njia zipo lakini. Tangu 2014 ofisi ya serikali ya Uingereza inayosimamia hakimiliki inatoa leseni kwa kazi ambazo mwenyewe hajulikani au hapatikani, ukionyesha umemtafuta kwa bidii, leseni haizidi miaka saba na inafanya kazi ndani ya Uingereza tu. Mwaka huo huo sheria iliruhusu maktaba kuwawekea watu kazi kwenye kompyuta zilizo ndani ya jengo lao kwa ajili ya utafiti. Ndiyo maana kumbukumbu nyingi kule unaambiwa njoo usikilize hapa hapa, nyumbani hupelekewi.

Kwa hiyo jibu la "tumwandikie nani" ni kwamba hakuna mtu mmoja mwenye ufunguo. Na mimi naamini hapo ndipo kampeni ilipo hasa. Msidai "fungueni". Daini kazi ya kuchambua, kanda kwa kanda, hii ya nani, ile ya nani, na zile ambazo ziko wazi zitangulie kutoka bila kusubiri zilizokwama. Kazi hiyo inahitaji mtu wa kulipwa na muda wa kutosha, ndicho kitu cha kuombea saini.

Nuru_K
Samahanini naingia nikiwa sikubaliani kidogo na naomba nisieleweke vibaya maana Delia nampenda kuliko nitakavyoweza kueleza. Huyu alikuwa mtu wa hesabu, alisoma hisabati na muziki Cambridge, alikuwa anapiga hesabu za spidi ya tepu kwa majedwali ya logarithimu, hakuwa mtu wa kutoa kitu nusu nusu. Hizo kanda hakuzitoa yeye. Alizipeleka darini. Je tuna uhakika gani kwamba alitaka vipande vyake visivyokamilika visikike na dunia nzima? Mimi nikifa sitaki mtu afungue madaftari yangu ya shule asome makosa niliyofuta.

sautihai
Dada Nuru nimekaa na swali lako tangu jana usiku na sitalijibu haraka haraka kwa sababu ni la haki.

Ila nafikiria hivi. Kunyamazishwa kwake hakukuanzia darini. Mwaka 1959 aliomba kazi kampuni ya rekodi ya Decca akajibiwa kwamba studio zao haziajiri wanawake. Akaingia BBC 1960. Ile Doctor Who ilipokamilika Grainer mwenyewe alitaka agawane naye jina la utunzi, BBC ikakataa kwa sababu utaratibu wao ulikuwa watu wa Workshop wasitajwe majina, wakawa wanaandika jina la idara tu. Jina lake limekuja kuonekana kwenye skrini ya Doctor Who kwa mara ya kwanza Novemba 2013, kwenye toleo la miaka 50, yeye ameshakufa miaka kumi na mbili! Nusu karne wimbo unapigwa na mwenye mikono hajulikani. Kwa hiyo nikiona kanda boksini siwezi kuziona kama daftari la mtu aliyeamua kunyamaza, naona mtu aliyekosa mahali pa kusemea.

Tena miaka yake ya mwisho alikuwa ameanza kurudi kwenye muziki, alikuwa anafanya kazi na mwanamuziki Peter Kember. Mtu aliyefunga mlango kabisa harudi hivyo.

Lakini hoja ya kutoa nusu nusu naikubali. Kisichokamilika kisitolewe kama albamu kwa ajili ya kuuza. Kitolewe na maelezo, hii ni malighafi, hii ilikuwa ya kazi fulani, isikilizwe kama unavyoangalia michoro ya awali ya mchoraji.

Nuru_K
Hapo umenigusa. Kwa sharti hilo la maelezo mimi nasaini. Na zile zilizokamilika, za jukwaani na za filamu, hizo sina neno, zilishasikika hadharani zamani.

mtaalamu_wa_masikio
Kuna mfano ambao hamjautaja na unatia moyo sana. Circle of Light, muziki wa filamu aliofanya na Elsa Stansfield mwanzoni mwa miaka ya 70, ulikuwa haujawahi kutoka kwenye santuri. Trunk Records wakautoa 2016. Kampuni ndogo tu ya rekodi. Ile ni sauti za ndege na maji na upepo zimevutwa taratibu mpaka hujui umesikiliza dakika ngapi, nilizima taa nikaisikiliza mpaka mwisho sikusogea. Kwa nini iliwezekana? Kazi moja, filamu moja, haki unaweza kuzifuatilia. Basi mtindo uwe huo, msiende na gunia zima nendeni na kanda moja iliyokamilika mkaifuatilia hadi mwisho. Moja ikitoka ya pili inakuwa rahisi.

Halafu kule Manchester kuna watu wa Delia Derbyshire Day wanaofanya matukio kila mwaka karibu na Novemba 23, siku Doctor Who iliporuka hewani mara ya kwanza, wamekuwa wanawapa wasanii wa leo nafasi ya kutengeneza kazi mpya kutokana na zile kanda na kufundisha watoto. Kabla hujaanzisha kitu chako waandikie hao. Wameibeba hii shughuli muda mrefu, isije ikaonekana mmewaruka.

sautihai
Nimewasoma wote, kwa kweli asanteni sana hasa mama_makabati, ningekuwa nimeshatuma barua ya kulaumu maktaba kufikia sasa. Nimeandika upya, hebu iangalieni:

"Sisi tuliosaini hapa chini tunashukuru kwa kazi iliyofanyika kuziokoa kanda za Delia Derbyshire. Tunaomba BBC na wote wenye haki nyingine washirikiane na John Rylands Library kuweka hadharani orodha ya kanda zote, ikionyesha ni zipi zina mwenye haki anayejulikana na zipi hazina. Tunaomba itengwe fedha ya kumlipa mtu wa kufanya uchambuzi huo. Tunaomba kazi zilizokamilika na ambazo haki zake ziko wazi zitolewe kwanza, kwa jina lake, na malighafi ziwekwe pamoja na maelezo ili ajifunze anayetaka kujifunza."

Imekaaje?

hakiyasanaa
Imekaa vizuri mkuu. Rekebisha sehemu moja, usiishie "wenye haki nyingine", wataje kwa makundi, warithi wake, waliofanya naye kazi nje ya BBC, na kampuni za filamu na michezo ya jukwaani zilizomwagiza. Barua isiyotaja mtu kila mmoja anadhani imeandikiwa mwenzake. Na pale kwenye "kwa jina lake" pasifutwe hata kama mtu atakwambia ni jambo dogo.

mama_makabati
Ongeza pia kwamba orodha ionyeshe hali ya kila kanda, ipi inaanza kuharibika. Fedha ikipatikana kidogo ianzie hapo. Halafu mwanangu nitumie nakala niwe wa kwanza kusaini, na nitawaomba wenzangu wa zamani wa kazini nao wasaini, hawa wamezishika tepu kwa mikono yao wataelewa bila kuelezwa mara mbili.