Nicky Hopkins: kwa nini mpiga piano aliyehitajiwa na wote hakuwa na bendi yake?

Swali
Wanajukwaa, salaam. Kila ninapochunguza ni nani walipiga katika rekodi za roki na bluzi za Uingereza za miaka ya 1960, ziwe za Rolling Stones, The Who au The Kinks, nakutana na jina la Nicky Hopkins kwenye piano. Ilikuwaje mtu wa namna hiyo asitulie katika bendi moja?

Jibu la kwanza
Ndugu, sababu kubwa ni afya. Hopkins, mzaliwa wa Perivale, London, mwaka 1944, alisoma Royal Academy of Music, akaacha masomo akiwa na miaka 16 ili apige na mwimbaji wa roki Screaming Lord Sutch, kisha akaingia kundi la bluzi la Cyril Davies. Mwaka 1963 ugonjwa wa Crohn, unaoshambulia utumbo, ulimlaza hospitalini kwa zaidi ya mwaka mzima. Alipotoka, mwili wake haukuhimili ziara ndefu, ila kazi ya studio aliimudu, kwa kuwa angeweza kurekodi mchana na usiku akalala kwake.

Jibu la pili
Naafiki, lakini tusisahau mkono wenyewe. Katika "She's a Rainbow" ya Rolling Stones ya 1967 utamsikia mwanafunzi wa muziki wa kale wa Ulaya, kila noti ikiwa safi na peke yake; mwaka uliofuata, katika "Sympathy for the Devil" ya kundi hilohilo, mtu huyohuyo anagonga kordi nzito zinazousukuma wimbo mzima. Wapiga piano wengi huweza moja tu kati ya hayo mawili.

Jibu la tatu
Naomba kusahihisha kidogo: bendi alikuwa nazo. Alipiga katika kundi la mpiga gitaa Jeff Beck, na albamu ya Beck ya 1969 ina "Girl from Mill Valley", utunzi wake Hopkins. Mwaka huohuo alijiunga na Quicksilver Messenger Service ya California, akawatungia "Edward, the Mad Shirt Grinder", zaidi ya dakika tisa bila mwimbaji. Tungo hizi zina uzito wake, maana mpigaji wa kukodiwa hulipwa ujira wa siku ya kurekodi, ilhali mirabaha humfuata mtunzi. Inaniuma kwamba alifariki Nashville mwaka 1994, akiwa na miaka 50, na Rock and Roll Hall of Fame, jumba la Marekani la kuwaenzi wanamuziki wa roki, haikumwingiza hadi mwaka 2025.

Muuliza swali
Nashukuru sana. Sikujua kabisa kwamba alikuwa mtunzi. Leo naanza na "Edward".