Jarida la chama cha wanataaluma: safu mbili au tatu?

Swali: Nimekabidhiwa kusanifu jarida la chama chetu, lenye kurasa 30 za A4. Je, nitumie safu mbili au tatu?

Jibu la kwanza: Ndugu, anza na idadi ya kurasa, kwa kuwa jarida linalobanwa kwa pini katikati ni lazima kurasa zake zigawanyike kwa 4, chagua 28 au 32. Makala ndefu za kitaalamu husomeka vyema katika safu mbili.

Jibu la pili: Naunga mkono. Picha ziwe na nukta 300 kwa inchi, maana picha ndogo iliyokuzwa hutoka na ukungu, na mwanachama mwenye sura hiyo ndiye wa kwanza kuufungua ukurasa huo.

Muulizaji: Nashukuru sana. Nitachukua 32, na kurasa mbili za ziada nitazitengea barua za wanachama.