Naomba ushauri: kuweka herufi kwenye gofu la Mji Mkongwe bila kutoboa ukuta

Wakuu, habari. Gofu lenyewe lipo Unguja, lina madirisha 8 matupu; kila dirisha herufi moja, jumla NAANGUKA. Herufi ni plywood ya mm 12, urefu mita 1.2.

Ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa. Ukitoboa, chokaa inamwagika kama unga na boliti inachomoka. Kwa hiyo fremu za mbao zitabanwa kwa kabari, huku ubao mpana ukitawanya mgandamizo. Je, kabari hazitasukuma kingo za dirisha nje?

Pili, upepo wa kusi: plywood inageuka tanga. Nitoboe matundu kwenye plywood ili upepo upite, au nitumie wavu wa waya badala yake? Waya wa kawaida chumvi inaula upesi.

Kichochoro kina mita 3 tu, msomaji anatazama kutoka chini, hivyo herufi zitaonekana fupi kuliko zilivyo. Herufi nizirefushe kiasi gani? Kibali kinafuatiliwa.