Ukoo wa Bibi wa Marangu: Bahati anakojoa sebuleni

Neema (Arusha): Shikamooni wakubwa. Wadogo, hamjambo. Naomba msaada wenu, hasa wewe Anitha uliyeko SUA, Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine. Yule mbwa tuliyemchukua kituo cha kuokoa wanyama, Bahati, anakojoa ndani. Napiga deki asubuhi, jioni narudia. Harufu imeingia mpaka kwenye zulia. Baba Tumaini ameanza kusema tumrudishe, na mimi roho inaniuma.

Mjomba Elisha (Moshi): Marahaba mwanangu. Mbwa ni wa nje. Mjengee banda, mwekee maji na chakula, yaishe.

Mjomba Elisha (Moshi): Au mkamate palepale, msugue pua kwenye mkojo wake, mchape kidogo. Samaki mkunje angali mbichi.

Anitha (Morogoro): Shikamoo mjomba. Kwa heshima zote, hilo la kumsugua pua naomba lisifanyike. Nitaeleza kwa nini. Da Neema, kwanza nijibu haya: anakojoa wakati gani? Mkojo ni mwingi au kidogo? Usiku je? Mkimwacha peke yake je? Na wakati unamtoka, mwili wake anauwekaje?

Neema (Arusha): Usiku hakuna kitu, tandiko lake naliona kavu kila asubuhi. Jumapili tunakwenda ibadani tunamwacha, tukirudi sakafu kavu. Nikifungua mlango alfajiri anatoka mwenyewe mpaka kwenye majani, anamaliza haja zake, anarudi.

Neema (Arusha): Tatizo ni mtu akiingia. Baba Tumaini akirudi kazini anamwinamia ampapase kichwani. Hapohapo mbwa anafyata mkia, masikio yanalala nyuma, ananywea, anajigeuza chali, na mkojo unamtoka. Kidogo tu, lakini kila siku. Akija mgeni wa kiume mwenye sauti nene ni vilevile. Kwangu na watoto ni mara mojamoja.

Daudi (Mwanza): Wangu alipokuwa mdogo alikuwa akiniona anaruka na kukojoa njia nzima kwa furaha. Aliacha mwenyewe alipokua.

Anitha (Morogoro): Huyo wako kaka Daudi alikuwa wa msisimko. Mkia juu, mwili unacheza, hana hofu yoyote, na wengi huacha wakikomaa. Bahati ni tofauti. Kufyata mkia, kukwepa macho, kulala chali: huo ni mkojo wa woga na unyenyekevu. Mbwa mdogo huwafanyia hivyo mbwa wakubwa. Maana yake ni "mimi ni mdogo, sina ugomvi na wewe, usinidhuru." Hakusudii kuchafua na wala hawezi kuuzuia.

Anitha (Morogoro): Sasa mjomba, ndiyo sababu nimekataa fimbo. Bahati ameshaomba radhi kwa lugha pekee aliyo nayo. Ukimpiga, anachoelewa ni kwamba hajaomba vya kutosha. Kesho ataomba zaidi, yaani atakojoa zaidi, na atakojoa hata akisikia geti tu.

Mjomba Elisha (Moshi): Nakusikia mpwa. Lakini mbona anajua kosa lake? Ukimwangalia anageuza uso kabisa kama mtoto aliyeiba sukari.

Anitha (Morogoro): Hilo limepimwa, mjomba. Mwaka 2009 mtafiti wa Marekani, Alexandra Horowitz, alichapisha jaribio. Mbwa alikatazwa kula kitu, mwenye mbwa akatoka chumbani, kisha akirudi anaambiwa mbwa kala au hajala. Wakati mwingine aliambiwa kweli, wakati mwingine uongo. Ule uso wa kukiri kosa ulifuata kukaripiwa, wala haukufuata kosa. Hata mbwa ambaye hakula chochote aliuonyesha akifokewa. Tunachokiona pale ni hofu ya sauti yetu.

Baba Tumaini (Arusha): Habari za mchana wote. Mimi ndiye ninayeogopwa, na sijawahi kumgusa kwa fimbo. Namletea hata mifupa. Hilo ndilo linalonisumbua moyo.

Anitha (Morogoro): Shemeji, haikuhusu wewe binafsi. Kituoni walisema alikutwa amefungwa kamba kwenye fremu ya duka, siyo? Hatujui aliyemfunga alimfanya nini. Wewe ni mrefu, unakuja na viatu vizito na kofia ya pikipiki, unamwinamia kwa juu na mkono unashuka kichwani. Kwa mbwa mwenye historia ile, mkono unaotoka juu ni mkono unaotoka juu. Hajapata bado sababu ya kuutofautisha na ule wa zamani.

Baba Tumaini (Arusha): Basi niambie niingieje nyumbani kwangu.

Anitha (Morogoro): Ukifika, vua kofia nje kabla hajakuona. Ingia kama hayupo. Usimsemeshe, usimtazame machoni, pita uende zako. Najua ni vigumu maana unampenda, ila hapo kumpuuza ndiyo huruma yenyewe. Da Neema au Tumaini amtoe moja kwa moja kwenye majani akajisaidie. Kibofu kikiwa kitupu, hata akiogopa hakuna cha kumwagika.

Anitha (Morogoro): Akishatulia, chuchumaa ukiwa umempa ubavu, usimkabili uso kwa uso. Mwache yeye aje. Akikunusa, mkune chini ya kidevu au kifuani, kwa muda mfupi, kisha acha. Ukiona ameanza kunywea, simama polepole uondoke bila neno. Na uweke mfukoni vipande vidogo vya maini yaliyochemshwa. Ukiingia, vitupe sakafuni mbali kidogo na wewe. Atainamisha kichwa kutafuta chakula, na taratibu mlango ukifunguka atawaza maini badala ya mkono.

Daudi (Mwanza): Na akikojoa hata hivyo?

Anitha (Morogoro): Kimya. Hakuna "aah!", hakuna kuguna, hakuna kupiga makofi. Atolewe nje, sakafu ifutwe akiwa hayupo. Hata kumbembeleza sana kwa sauti ya huruma wakati huo kunaweza kumchanganya.

Neema (Arusha): Sakafu namwagia Jik na bado harufu inabaki.

Anitha (Morogoro): Acha Jik hapo dada, tafadhali. Klorini ikikutana na mkojo hutoa hewa inayochoma macho na kifua, na nyinyi mna mtoto mwenye pumu. Nyonya mkojo kwanza kwa tambara kavu, ukandamize bila kusugua. Kisha maji na sabuni ya unga ya kufulia, ile yenye vimeng'enya vinavyovunja uchafu, uiache kidogo, usuuze vizuri. Kwenye zulia jaribu pembeni kwanza isije ikatoa rangi. Na hiyo zulia ya mlangoni ikunje uiweke kabatini kwa sasa, pabaki vigae.

Anitha (Morogoro): Kabla sijasahau, na hili ni la lazima: mpeleke kwa daktari wa mifugo apimwe mkojo. Maelezo yako yote yanaelekea woga, ila UTI (maambukizi ya njia ya mkojo), mawe ya kibofu, kisukari na figo navyo hufanya mbwa akojoe hovyo. Tena ametolewa kizazi, na baadhi ya majike waliofanyiwa hivyo huvujisha wakiwa wamelala. Tandiko kavu linanipa matumaini, lakini kipimo ndicho kitakachotuhakikishia. Kinga mkojo wa asubuhi kwenye kikopo safi, uupeleke ukiwa bado mpya. Ukichelewa uweke kwenye friji. Na usimnyime maji kwa kudhani atakojoa kidogo.

Bibi (Marangu) *[ujumbe wa sauti, Eliya anauandika]*: Wajukuu zangu, nimesikiliza yote. Elisha, wewe umekulia kwenye zizi langu, umesahau? Ng'ombe mgeni aliyetoka mnadani, ukimkaripia hashushi maziwa hata ukamwite nani. Baba yenu alikuwa anakaa tu pembeni yake na majani ya mgomba, haongei, siku zinapita. Huyo mbwa naye katoka mnadani. Mwacheni azoee.

Mjomba Elisha (Moshi): Sawa mama. Nimesikia.

Mama Mkubwa Rehema (Tanga): Asalaam aleikum wanangu. Mimi nina langu, na naomba Neema usilichukue vibaya. Nakuja huko mwezi ujao na wajukuu wawili. Sisi wa madhehebu ya Shafii, mbwa ni najisi nzito. Palipoingia mkojo wake au ute wake panaoshwa mara saba, moja kwa udongo. Nitaswalia wapi?

Neema (Arusha): Waaleikum salaam mama mkubwa, siwezi kulichukua vibaya. Chumba cha wageni Bahati hajawahi kuingia, mlango wake huwa umefungwa tangu siku aliyokuja. Nitanunua mkeka mpya ukae humo humo. Maji ya udhu utatumia bafu la chumbani, na ndoo yake peke yake. Hapo mlangoni anapokojoa nitapaosha kama ulivyosema, na udongo nitauchota bustani ya mbele ambako hafiki.

Mama Mkubwa Rehema (Tanga): Mungu akubariki mwanangu. Na msidhani namchukia huyo kiumbe. Tumefundishwa habari ya mtu aliyeshuka kisimani, akajaza kiatu chake maji, akapanda akamnywesha mbwa aliyekuwa analamba udongo kwa kiu, na Mwenyezi Mungu akamsamehe. Kumhurumia ni thawabu. Twahara ni jambo lake, na huruma ni jambo lake.

Anitha (Morogoro): Mama mkubwa, nakuomba na wewe kitu kimoja. Wajukuu wakifika wasimkimbilie Bahati wala kumzunguka. Wamwone kwanza akiwa nje, uani. Mbwa huyu akutane na wageni kwenye majani, mlangoni hapana.

Mama Mkubwa Rehema (Tanga): Hilo wala usihofu, watakuwa nyuma ya kanga yangu.

*Jumamosi, wiki kadhaa baadaye*

Neema (Arusha): Za leo jamani. Majibu ya mkojo yalitoka safi, hakuna maambukizi wala sukari. Daktari alisema kama Anitha: woga. Baba Tumaini anaingia kimya na maini yake mfukoni. Siku nyingi sasa sakafu ni kavu akirudi. Jana alikuja fundi umeme, kijana mzuri, akamwinamia akisema "mbwa mzuri huyu", na mkojo ukatoka. Nilimtoa nje, nikafuta, hatukusema kitu.

Baba Tumaini (Arusha): Juzi amenifuata mpaka kwenye ngazi nikiwa nafungua viatu, akaweka kidevu kwenye goti langu. Sikumgusa kichwa. Nimemkuna kifuani kama nilivyoelekezwa.

Anitha (Morogoro): Shemeji umenifurahisha! Kwa fundi ni kawaida kabisa. Mtu mpya ni mtihani mpya, na itachukua miezi. Sasa mfundisheni "kaa" na "njoo" kwa zawadi, dakika chache tu, akiwa ametulia. Mbwa anayejua la kufanya ili apate kitu kizuri hujiamini, na kujiamini kunapunguza kukojoa. Na mbandike karatasi getini: mgeni asimguse mbwa, asimwinamie.

Mjomba Elisha (Moshi): Mpwa, nina swali. Huyu dume langu la ulinzi anainua mguu kwenye matairi ya gari na kona za nyumba kila anapopita. Naye ni woga?

Anitha (Morogoro): Hapana mjomba, huyo anaweka alama ya eneo lake. Ni kidogokidogo, tena kwenye vitu vilivyosimama, siyo? Amehasiwa?

Mjomba Elisha (Moshi): Hajahasiwa. Niliambiwa atakuwa goigoi, asibweke tena.

Anitha (Morogoro): Ulinzi hautapotea, kubweka hakutoki huko. Kuhasi huwapunguzia wengi hiyo tabia ya kuweka alama, ingawa ikishakuwa mazoea ya miaka haiishi yote. Nikija likizo tutampeleka pamoja.

Mjomba Elisha (Moshi): Njoo. Nitamfungia siku hiyo asubuhi.

Mama Mkubwa Rehema (Tanga): Neema, basi letu linafika Alhamisi jioni. Huyo Bahati anakula samaki? Nina vibua vikavu vya kutosha.