Nataka kuunda roboti ndogo ya mapambano, nianzie wapi?

Fundi_Mpya:
Wakuu habari zenu. Nimeangalia sana video za roboti za mapambano sasa nimeamua na mimi niunde yangu, mojawapo ya madaraja ya chini ya uzito, lile la antweiti. Nimeshachora, bodi ya plastiki, matairi mawili, mbele silaha ya dramu, yaani silinda yenye meno inayozunguka kwa kasi. Tatizo uzito, kila nikijumlisha mota na betri napita kiwango. Halafu betri niweke 2S (seli mbili) au 3S (seli tatu)? Sijawahi kuunda hata moja kwahiyo nielekezeni taratibu.

Spana_Kumi:
Karibu sana mkuu. Kabla ya yote angalia sheria za shindano unalolenga maana hilo jina lina uzito wa aina mbili, Uingereza antweiti ni gramu 150 na roboti lazima iingie kwenye boksi la inchi 4 kila upande, Marekani ni pauni 1, yaani kama gramu 454. Ukichora kwa moja ukaenda kushindana kwenye nyingine umekwisha.

Ushauri wangu, dramu iache kwanza. Tengeneza kabari, ule mteremko wa mbele unaokwangua sakafu na kuingia chini ya mwenzako. Mechi nyingi za wanaoanza zinaisha kwa sababu waya umechomoka au tairi limetoka, adui hata hajafanya kitu. Roboti inayoendeshwa vizuri mpaka kengele ya mwisho inawashinda wengi wenye silaha kali. Na matairi yawe makubwa kuliko unene wa bodi, ikipinduliwa iendelee kutembea.

Mama_Gia:
Nakubali kwa nusu tu. Kama moyo wake uko kwenye dramu aweke, atajifunza mengi, ila ajue hesabu ya meno. Chukua dramu ya mizunguko 10,000 kwa dakika yenye meno mawili, hapo jino linapita mbele kama mara 333 kila sekunde. Sasa roboti yako ikimwendea adui kwa mita 2 kwa sekunde, kati ya jino na jino anaingia milimita 6 tu, ndiyo unachong'ata. Ukibakiza jino moja, upande wa pili ukaweka uzito wa kusawazisha, unapata milimita 12. Ndiyo maana unaona dramu inalia kwa kasi ya ajabu lakini inasugua tu haimrushi mtu. Halafu ukikata kona ghafla dramu ikiwa kwenye kasi, tairi la upande mmoja linanyanyuka, lazima uizoee.

Waya_Mwekundu:
Betri chukua 2S kwa kuanzia kaka. Vile vimota vidogo vya kuendesha matairi, aina ya N20, vingi vimeandikwa volti 6, 2S ikijaa ni volti 8.4 vinavumilia kwa mechi fupi, 3S ikijaa ni 12.6 hapo unavichosha bure. Na gia ziwe za chuma. LiPo, yaani hiyo betri yenyewe ya lithiamu, usiishushe chini ya volti 3 kwa kila seli, na wakati wa kuchaji kaa nayo karibu, ikivimba usiitumie tena. Swichi iwe mahali unapofikia bila kupeleka mkono karibu na silaha, na ukizima rimoti kila mota isimame yenyewe, hilo lijaribu roboti ikiwa ndani ya boksi imara lililofungwa.

Fundi_Mpya:
Asanteni sana, naanza na kabari, ila nitaacha matundu ya skrubu mbele ili dramu ije baadaye. Swali la mwisho, nina printa ya 3D, bodi niprinti kwa PLA, ile plastiki ya kawaida ya printa hizi?

Mama_Gia:
Hapana mwanangu, PLA ni ngumu lakini ikipigwa inapasuka vipande. Tumia TPU, ile plastiki inayonyumbuka, inameza kipigo na kurudi kwenye umbo lake, kuta ziwe nene. Kabari yenyewe usiiprinti, tafuta kipande cha titani au chuma kigumu, maana ncha ya TPU inapinda na adui ndiye atakayeingia chini yako. Na pima kila kitu kwenye mzani kabla hujafunga, hata waya na skrubu, watu wanazisahau hizo na ndizo zinawapitisha kiwango.