Biashara ndogo: programu ya simu au tovuti?

Mleta mada

Wakuu, swali hili naulizwa na karibu kila mwenye biashara ndogo ninayekutana naye, kwa hiyo nimelileta hapa tulijadili. Mtu kajibana, kapata fedha kidogo, anataka wateja wampate kwenye simu. Atengenezewe programu ya kupakua, au tovuti inayofunguka vizuri kwenye simu?

Msimamo wangu nautoa mapema: tovuti kwanza. Na kwa walio wengi, tovuti tu.

Natengeneza vyote viwili, na kilichonifikisha hapa ni jambo nililoliona kwa macho. Nilikaa pembeni ya mteja wa biashara moja niliyoitengenezea programu. Kabonyeza kiungo alichotumiwa, kapelekwa kwenye duka la programu. Simu ikaomba nenosiri, halikumbuki, ikabidi alibadilishe. Kaanza kupakua, simu ikaandika nafasi haitoshi. Akafungua picha zake, akawa anafuta za zamani moja moja mpaka akazifikia za mwanawe akiwa mchanga. Hapo akasita. Akaiweka simu mezani, akaniuliza, "Si unitajie tu bei?"

Bei! Kumbe alichokuwa anakihitaji ni hicho tu. Kwenye tovuti angebonyeza kiungo kilekile na bei ingekuwa mbele yake.

Tuje kwenye gharama. Kufungua akaunti ya kuweka programu Google Play, duka la programu za Android, ni dola 25, unalipa mara moja. Apple ni dola 99 kila mwaka. Hizo bado ni ndogo, kinachomaliza watu ni matunzo. Android na iPhone ni mifumo miwili, na programu yako lazima iende sawa na yote. Google hupandisha kila mwaka kiwango cha toleo la Android ambalo programu inatakiwa kulilenga. Ukizembea, wateja wapya wenye simu za kisasa hawaioni dukani. Mwenye akaunti mpya ya binafsi anatakiwa kwanza apate watu 12 wa kuijaribu programu kwa siku 14 mfululizo. Apple nao hukagua kila toleo kabla halijatoka. Kwenye tovuti nikibadilisha bei sasa hivi, anayefungua baada ya dakika moja anaikuta mpya.

Na yule asiyekujua kabisa, anayeandika Google kitu anachokitafuta, ataifikiaje programu ambayo hajawahi kusikia jina lake?

Mchangiaji wa kwanza

Mkuu, mimi napinga. Wateja wangu ni walewale, wanaagiza kila wiki. Programu inakaa kwenye skrini yao, inakumbuka walichoagiza mara ya mwisho, wanagusa mara mbili wamemaliza. Nikiwa na mzigo mpya natuma arifa. Mtandao ukikatika orodha bado wanaiona. Hizo tovuti mnazozisifia nyingi ni nzito, picha kubwa kubwa, vitufe vidogo kidole hakikai. Mteja anasubiri mpaka bando linakata tamaa kabla yake.

Mchangiaji wa pili

Wengine tuna ukurasa kwenye mitandao ya kijamii tu na kazi zinakuja. Haitoshi?

Mleta mada

Mkuu wa kwanza, kwenye wateja wa kila wiki nakubali, una hoja nzito. Naongeza na wale ambao kazi yenyewe inaihitaji simu kwa undani, mfano kufuatilia mahali alipo dereva hata skrini ikiwa imezimwa. Tovuti hapo haifui dafu.

Arifa sikubali. Tangu Android 13 ya mwaka 2022, programu mpya lazima imwombe mtumiaji ruhusa kwanza, na wapo wanaokataa palepale. Tovuti nazo hutuma arifa: kwenye Android ni jambo la miaka mingi, na kwenye iPhone limewezekana tangu iOS 16.4, toleo la mfumo wa iPhone la Machi 2023, mradi mteja ameiongeza tovuti kwenye skrini yake ya mwanzo. Kuonekana bila mtandao pia kunawezekana, kwa sababu kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti, kinaweza kuhifadhi kurasa ndani ya simu. Wazo hili si geni: mwaka 2007 Steve Jobs mwenyewe, bosi wa Apple wakati huo, aliwaambia watengenezaji kwamba programu zao za iPhone wazijenge kama tovuti; duka la Apple lilifunguliwa Julai 2008.

Uzito wa tovuti ni kosa letu mafundi, na ninalibeba. Punguza picha, ondoa madoido, kisha ijaribu kwenye simu ya zamani yenye mtandao dhaifu. Fundi akikuonyesha tovuti kwenye kompyuta yake peke yake, usimmalizie malipo.

Wa pili, ukurasa ni mzuri kwa kuvuta watu. Lakini akaunti si mali yako. Ikifungwa leo, wafuasi wote wanaondoka nayo na huna pa kuwapata. Jina la tovuti ukiwa umelisajili mwenyewe, hata ukihama kampuni inayokuhifadhia kurasa, wateja wanakuja kwa jina lilelile.

Mkuu wa kwanza, nina ombi moja. Kwenye akaunti yako ya duka la programu kuna takwimu: waliopakua tangu mwanzo, na walioifungua ndani ya siku 28 zilizopita. Tuwekee hapa namba zote mbili.